Wiki Yangu ya Mwisho Provo Kabla ya Kwenda Kuhudumu Msumbiji

Karatasi ya safari ilinifikia Jumatatu, ikiwa imebaki wiki moja kamili. Ilionyesha kwamba ningeondoka Salt Lake City hadi Atlanta, kisha ningeruka kwa takribani saa 15 hadi Johannesburg, na kutoka hapo Maputo, Msumbiji, ambako nilikuwa nimeitwa kuhudumu kwa miezi 24 kama mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka 19. Wilaya yetu, yaani kikundi chetu cha kujifunzia katika Kituo cha Mafunzo ya Wamisionari cha Provo, jimboni Utah, ilikuwa na wamisionari 10, sote tukijifunza Kireno, na siku hiyo wawili kati yetu hawakupata karatasi kwa kuwa viza zao zilikuwa hazijatoka. Wao wangepelekwa kwanza katika misheni zilizo ndani ya Marekani mpaka viza zipatikane. Tuliobahatika tulikunja karatasi zetu kimyakimya na kuziweka mifukoni, kwa sababu kushangilia mbele yao kusingekuwa jambo la kiungwana.

Nilidhani kwamba kazi iliyobaki ilikuwa kufunga mizigo tu. Mafunzo yetu yalikuwa ya wiki sita, ya kwanza nikiwa nyumbani kwa njia ya video, na Kireno kilikuwa kimeniingia haraka kuliko nilivyotarajia. Kiswahili ndiyo lugha tunayozungumza nyumbani kwetu, hata baada ya familia kuhamia Marekani nikiwa mtoto, na katika Kireno nilikuwa nikikutana na maneno niliyoyajua tangu utotoni. Meza yetu ni mesa yao, bendera ni bandeira, kopo ni copo, leso ni lenço, parafujo ni parafuso. Nilikuwa nimetenga kurasa za nyuma za daftari langu kwa maneno hayo, na neno lililonigusa zaidi ya yote lilikuwa igreja, yaani kanisa, ambalo wataalamu wengi wanasema ndilo lililotupatia sisi neno gereza. Kila nilipoongeza neno kwenye orodha hiyo nilihisi kwamba lugha inanifungulia mlango yenyewe. Sasa ninaona kwamba wepesi huo ndio ulionifanya nisikilize nusu nusu.

Jumanne mchana mimi na mwenzi wangu, yaani mmisionari niliyepangiwa kuwa naye, kijana Mmarekani ambaye Kireno kilimtesa sana, tulikuwa na somo la mazoezi kwa njia ya video na mama mmoja wa Brazil. Watu wa namna hiyo hujitolea kuzungumza na wamisionari wanaojifunza, na wengi wao hawaigizi chochote. Wanazungumza kama wao wenyewe, juu ya maisha yao halisi. Nilikuwa nimeandaa somo juu ya ufufuo, na nilikuwa nimelikariri neno kwa neno. Baada ya salamu mama yule alituambia kwamba alikuwa amefiwa na babu yake aliyemlea. Alisema o meu avô, akarudia mara ya pili, kisha akasimulia kidogo jinsi mzee huyo alivyokuwa. Nami, nikiwa nimefurahi kwamba somo langu limepata mahali pa kuingia, nikaanza kumfariji kwa habari za a sua avó, yaani bibi yake, na nikaendelea hivyo kwa dakika kumi nzima. Hakunisahihisha. Alikuwa akitikisa kichwa kwa upole, akajibu maswali yangu kwa neno mojamoja, na mwishoni akatushukuru kwa muda wetu.

Ni mwalimu wetu aliyeniambia, tukiwa tumebaki naye darasani. Yeye mwenyewe alikuwa amehudumu Msumbiji, na hakuwa mtu wa kumwaibisha mwanafunzi. Nilianza kujitetea kwamba Kiswahili kina irabu tano tu, na kwamba sikio langu halitofautishi o iliyofumbwa ya avô na o iliyofunguka ya avó. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Alisema o meu au a minha?" Nilikaa kimya. Alikuwa amesema o meu, yaani "wangu" ya mwanamume, tena kwa sauti ya wazi, na hakuna Mreno wala Mbrazili anayeweza kusema hivyo juu ya bibi yake. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa umeniambia habari yote hata kabla irabu ya mwisho haijafika. Hilo liliniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu mimi nimekulia katika lugha inayofanya kazi hivyohivyo: mtu akisema kutoka jikoni kwamba "kimevunjika", hata bila kutaja jina tunajua kwamba si sahani iliyovunjika. Kwa hiyo kosa halikuwa la sikio. Nilikuwa nikingoja tu anyamaze ili niseme yangu.

Usiku huo, baada ya ibada ya Jumanne ambayo sikuisikia vizuri, nilipiga magoti kando ya kitanda na sikupata la kusema isipokuwa kuomba msamaha kwa ajili ya mama yule. Taa huzimwa saa 4:30 usiku. Nililala nikiwa macho.

Jumatano ilikwenda kwa haraka. Siku karibu nzima ilitumika katika maelekezo ya kazi ya uwandani: namna ya kupanga wiki, namna ya kushirikiana na waumini wa mahali unapokwenda, namna ya kuweka malengo. Yalikuwa mambo ya msaada, lakini akili yangu ilikuwa kwenye mpango niliokubaliana na mwenzi wangu asubuhi tulipoamka. Tuliacha kukariri masomo. Badala yake, kila tulipopata dakika chache, mmoja alisimulia kwa Kireno jambo lililompata kweli, kwa dakika mbili, na mwingine hakuruhusiwa kufungua mdomo. Msimulizi akimaliza, msikilizaji alipaswa kueleza alichosikia, kwa maneno yake, na kupata kibali kwamba amesikia sawasawa, ndipo aulize swali moja. Iwapo hakuelewa, alipaswa kusema bila aibu kwamba hakuelewa na kuomba arudiwe: Não entendi, pode repetir, por favor? Sentensi hiyo tuliijua tangu wiki ya kwanza, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuitumia hata mara moja, kwa sababu niliiona kama kukiri udhaifu.

Zoezi hilo lilikuwa gumu kuliko sarufi yote tuliyosoma. Alhamisi nilishindwa vibaya. Mwenzi wangu alinisimulia habari za ugomvi wake na kaka yake kabla ya kuondoka nyumbani, nami nilipoanza kueleza nilichosikia nilijikuta tayari ninampa ushauri. Alisubiri. Nikaanza upya, na nikagundua kwamba sikuwa nimeelewa ni nani kati yao aliyeacha kuzungumza na mwenzake. Tulikuwa tumeishi chumba kimoja, tukitembea pamoja saa zote kama kanuni inavyotaka, na sikuwa nimeijua habari ile. Yeye ambaye Kireno kilimtesa alikuwa msikilizaji bora kuliko mimi, na nadhani ni kwa sababu hiyohiyo: alikuwa amezoea kulitega sikio lake kwa kila neno asije akaachwa.

Ijumaa ilikuwa siku yetu ya maandalizi, nami nikampigia mama simu. Wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia kila wiki tangu mwaka 2019. Nilimsimulia yaliyotokea nikitarajia anitie moyo. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mfiwa hahubiriwi akiwa bado analia. Unakaa naye kwanza. Hebu niambie, kwao 'pole' wanasemaje?"

Sikujua. Baada ya karibu wiki sita niliweza kusema ufufuo, toba, upatanisho na urejesho kwa Kireno bila kusita, lakini sikujua kumwambia mtu pole. Niliandika swali hilo kiganjani nisije nikalisahau, na nilipomwona mwalimu wetu nilimwuliza kabla hata ya salamu. Alinijibu kwamba hakuna neno moja linalobeba kila kitu kama pole yetu. Mtu akifiwa huambiwa os meus sentimentos, na katika mambo mengine ya huzuni huambiwa sinto muito. Kisha akaongeza jambo ambalo limebaki nami. Alisema kwamba Msumbiji Kireno ndiyo lugha rasmi, lakini watu wengi nitakaokutana nao Maputo watakuwa wamejifunza Kireno shuleni, na nyumbani wanazungumza Kichangana au Kironga. Akaniandikia ubaoni maneno machache ya Kichangana: vanhu, mati, nyama. Watu, maji, nyama. Nilisimama mbele ya ubao ule kwa muda mrefu. Kwa wiki zote hizo nilikuwa nimejivunia maneno ambayo Wareno waliyaacha katika pwani zetu, kumbe kule ninakokwenda kuna lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili, nami sikuwa nimeuliza hata jina lake.

Kuhusu irabu, sikuliacha jambo hilo pia, maana kutamka vibaya jina la aliyekufa ni jambo zito hata kama kosa ni dogo. Kila asubuhi nikinyoa ndevu mbele ya kioo niliifanyia kazi tofauti hiyo: kwa avô nilikusanya midomo kama mtu anayezima mshumaa, kwa avó niliangusha taya. Mwenzi wangu alisimama nyuma yangu akiwa na mswaki mdomoni, akionyesha kidole kimoja kwa babu na viwili kwa bibi, kulingana na alichosikia. Kufikia Jumamosi nilikuwa ninakosea mara moja katika kila tano.

Jumamosi mama yule wa Brazil alikubali kuzungumza nasi tena. Sikubeba karatasi yoyote. Nilimwambia os meus sentimentos, nikamwambia kwamba Jumanne sikumsikiliza, na nikamwomba, kama haitamwumiza, atusimulie habari za babu yake. Alisimulia karibu nusu saa. Mara tatu nilimwomba arudie, naye alirudia bila kuchoka. Alieleza kwamba babu yake alikuwa akikaa mlangoni jioni na redio ndogo, na kwamba tangu azikwe hakuna aliyethubutu kuihamisha ile redio. Mwenzi wangu aliuliza swali moja tu, kwamba alikuwa anapenda kusikiliza nini, na mama yule akacheka na kulia kwa pamoja. Somo la ufufuo nililokuwa nimelikariri lilikuwa na vipengele vitano. Nilisema kimoja, kwa sentensi mbili, na zote mbili zilikuwa na makosa. Aliniomba nifunge kwa sala, na nilipofika kwenye neno avô nilikusanya midomo.

Jumapili tulipiga picha mbele ya ramani kubwa ya dunia, kama wamisionari wanavyofanya pale kituoni, kila mmoja akinyoosha kidole anakokwenda. Tuliwaita na wale wawili wasio na viza, nao wakaonyesha Msumbiji vilevile.

Jumatatu tuliamka saa 9 za usiku. Mizigo yangu miwili ilikuwa imepimwa, hakuna uliozidi kilo 23, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kilikuwa pamoja na pasipoti. Kazi ya mwisho ilikuwa kuvua mashuka na kuyapeleka kwenye kapu la kufulia. Nilikuwa ninavuta mfuko wa mto wangu pale mwenzi wangu aliponiuliza kwa sauti ya chini, ili asiwaamshe wengine, kitu hicho kinaitwaje kwa Kiswahili.

"Foronya," nikamjibu.

"Fronha," akasema, akitabasamu, na akanyoosha mkono kuichukua.