Picha za harusi na ruhusa zilizogoma kwenye sidii

Dada yangu aliolewa 2009. Picha za harusi nilizichoma kwenye sidii kwa kompyuta yangu ya zamani ya Linux, nikaiweka kabatini. Juzijuzi mwanawe akaniambia, "Mjomba, nataka kumwona mama akiwa bibi harusi." Nikaipachika kwenye kompyuta tunayotumia sote nyumbani:

`sudo mount -o ro /dev/sr0 /mnt`

Folda ikaonekana, ila kuifungua nikanyimwa ruhusa. `ls -l` ikanionyesha kuwa mwenye folda ni mpwa wangu, mtoto ambaye siku ya harusi hakuwa amezaliwa! Naye alipoingia kwa akaunti yake, ikafunguka mara moja.

Nilikimbilia `sudo chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa, nikajibiwa "Read-only file system". Sidii ikishachomwa haiandikiki, hata root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, hana la kufanya. Karibu saa nzima ilipita ndipo nikaandika `ls -ln`, inayoonyesha namba za watumiaji badala ya majina, na kuona namba 1000. Hapo nikaelewa. Diski hii ya ISO 9660 (mfumo wa kawaida wa kupanga faili kwenye sidii) niliichoma kwa chaguo la `-R`, linaloongeza kiendelezi cha Rock Ridge, nacho kilihifadhi ruhusa za asili pamoja na namba ya mwenye faili. Jina hakihifadhi. Kompyuta ya zamani mimi ndiye niliyekuwa 1000, namba ambayo Debian humpa mtumiaji wa kwanza. Hii mpya alianza kusajiliwa mpwa wangu, mimi nikawa 1001, na folda ilikuwa na ruhusa 700: mwenyewe tu.

Basi ruhusa hupangwa wakati wa kupachika:

`sudo umount /mnt`
`sudo mount -o ro,uid=1001 /dev/sr0 /mnt`

Picha zikafunguka zote. Nilimwona marehemu baba akicheza na dada, nikashukuru sana kwamba sikuitupa ile sidii.

Ukitaka kila mtumiaji asome, chaguo ni `overriderockperm,mode=0444,dmode=0555`. Usiidondoshe ile 0 ya mwanzo, na usisahau neno la kwanza, kwani bila hilo `mode` haigusi diski yenye Rock Ridge. Kunakili kwa sudo nako kunawezekana, lakini nakala zitakuwa mali ya root na utalazimika kubadilisha mmiliki wake kwa `chown`.

Nikanakili picha, nikachoma diski mpya kwa taswira ya diski (faili moja lenye yote yatakayochomwa) niliyoitengeneza hivi:

`genisoimage -r -J -o harusi.iso picha/`

Herufi `-r` ndogo huwapa wote ruhusa ya kusoma na kuweka namba 0 kwa mmiliki. Lakini pia huondoa ruhusa ya kuandika, na hilo lilimkwamisha mpwa wangu kesho yake: alinakili picha kutoka diski mpya, akaigeuza moja iliyolala ubavu, ikakataa kuhifadhiwa. Nilimwandikia `chmod -R u+w picha`, akajaribu tena, ikakubali. Picha hiyo ya mama yake ndiyo iliyo kwenye simu yake sasa.