Zabibu moja, chupa tatu

Ukitaka kuonja ardhi inavyobadilisha mvinyo, tafuta mvinyo wa aina moja ya zabibu kutoka sehemu tatu. Mimi nashauri Chenin Blanc: kwao ni bonde la Loire, Ufaransa, Afrika Kusini ndiyo inayoilima kwa wingi zaidi duniani, na Dodoma ipo.

Chupa zikae kwenye friji kwa saa 3, uzitoe dakika 15 kabla ya kumimina. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mvinyo ukiwa baridi kama barafu harufu hujifunga, unabaki uchachu tu. Mimina mililita 50, zungusha glasi, nusa, ndipo unywe.

Vouvray, mvinyo wa Loire, hunukia tufaha na asali, na uchachu wake unakata pembeni mwa ulimi. Soma lebo kwanza: "sec" ni mkavu (usio na utamu), "moelleux" ni mtamu. Mtamu uwe wa mwisho, la sivyo mkavu utaonekana kama maji ya ndimu. Mvinyo wa Stellenbosch, Afrika Kusini, ni mzito zaidi, una pichi na nanasi, na vanila kama ulikaa kwenye pipa la mwaloni. Dodoma jua ni kali na mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Joto hupandisha sukari na kushusha uchachu, hivyo mvinyo huwa laini. Unywe ungali mchanga, na samaki wa kukaanga. Raha tupu!

Mvinyo ukinuka kama boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu. Rudisha chupa dukani.