Nilienda Japani nikaishia kukaa kwenye moshi

Watu wengi wakirudi kutoka Japani wanapost treni ziendazo kasi na vyoo vyenye vitufe kama rimoti, mi naomba niongelee nyumba za nyasi. Nilienda kule kwa kozi ya kilimo, kama wanavyoenda maafisa wengi wa halmashauri, na siku ambayo hatukuwa na kipindi wenzangu wakaenda kutafuta kamera, mi nikapanda treni ya Odakyu pale Shinjuku mpaka kituo cha Mukogaoka-Yuen, ukishuka hapo unatembea kama robo saa af unaingia kwenye kilima chenye msitu, yani huwezi kuamini uko ndani ya Kawasaki, mji wa viwanda ulio katikati ya Tokyo na Yokohama. Humo msituni ndo kuna Nihon Minka-en.

Ni makumbusho ya wazi, yamefunguliwa 1967, yana majengo kama 25 hivi na mengi ni nyumba za wakulima zilizohamishwa kutoka mikoa mbalimbali. Miaka ile uchumi wa Japani ulikuwa unapaa, vijana wanakimbilia mjini, nyumba za mababu zinabomolewa, sasa jamaa wa Kawasaki wakaanza kuziokoa. Wanaifungua nyumba nguzo kwa nguzo, kila mti unawekewa namba, inapakiwa, inakuja kusimamishwa upya hapo kilimani. Inawezekana kwa sababu mafundi wao waliunganisha miti kwa ulimi na tundu, sio kwa kupigilia misumari kila mahali kama kenchi zetu.

Kuna nyumba ya ukoo wa Kitamura, ilitolewa Hadano, hiyo imejengwa 1687. Mwaka unajulikana hivyo kwa sababu fundi aliuandika kwa wino kwenye ulimi wa nguzo, yani sehemu inayoingia ndani ya mti mwingine, ambayo hakuna mtu angeiona mpaka siku nyumba inafunguliwa. Hebu fikiria, unaandika kitu af unakifungia humo miaka karibu 300. Na sehemu ya sakafu ni mianzi iliyopangwa fito kwa fito, sasa mtu wa Tukuyu kama mi, kwetu mianzi ndo ya kujengea, ukimwonesha mianzi unamtafuta maneno, nikainama nikaanza kuigusa kama naikagua sokoni mpaka mama mmoja wa Kijapani akawa ananiangalia.

Lakini kilichonishika ni moshi. Nyumba nyingine unavua viatu unapanda kwenye sakafu ya mbao, na katikati ya sakafu kuna shimo la mraba lenye majivu, wenyewe wanaita irori, juu yake inashuka ndoano ndefu kutoka kwenye boriti imebeba birika jeusi, na kwenye hiyo ndoano kuna kipande cha mbao kilichochongwa samaki, hicho ndo unakisogeza kupandisha au kushusha birika. Mzee mmoja wa kujitolea amekaa pembeni na koleo la chuma anasogeza kuni taratibu, hana haraka, kuni mbili tu. Moshi hauna bomba la kutokea, unapanda wenyewe mpaka kwenye nyasi, boriti zote nyeusi zinang'aa kwa masizi. Macho yakaanza kunitoka machozi nikajua kabisa hapa ni jikoni kwa bibi.

Tukaongea Kiingereza cha kuungaunga, chake na changu. Kumbe ule moto sio maonesho ya watalii. Ukiacha kuwasha moto, unyevu unaingia kwenye nyasi, wadudu wanaingia, paa linaoza mapema. Zamani mwenye nyumba alikuwa anapika chakula chake tu na paa linajitunza humohumo, sasa hakuna anayeishi mle kwa hiyo wamejipanga watu wa kujitolea, wanakuja kwa zamu kuwasha moto nyumba hii, siku nyingine nyumba ile. Mtu mzima na pensheni yake anatoka kwake asubuhi kwenda kuvuta moshi ili nyasi zisioze!

Mi kazini nahubiri mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, na nitaendelea kuhubiri, lakini mama yangu mpaka leo mahindi ya mbegu anayatundika juu ya mafiga na mdudu dumuzi hayagusi. Ni akili ileile, kwake inalinda mbegu, kwao inalinda nyumba. Na nisije nikaonekana nasifia tu, moshi huohuo umeharibu macho na vifua vya mama zetu wengi, sitamwambia mtu yeyote arudi kupika kwenye kuni bila bomba eti kwa sababu ya utamaduni.

Zile nyumba kubwa kabisa zimetoka milimani, Shirakawa na Gokayama, ambako theluji inaanguka ya kufunika mtu. Paa limesimama wima, wenyewe wanaliita gassho, yani mikono miwili iliyokutana kusali, theluji ikikaa inateleza. Miti ya paa imefungwa kwa kamba na matawi laini yaliyosokotwa. Juu, ndani ya paa, kuna dari mbili tatu ambako walikuwa wanafuga viwavi wa hariri, na joto la moto wa chini linapenya kwenye sakafu yenye nafasi linawapasha viwavi. Moto mmoja, kazi nne. Kuezeka paa kama lile familia moja haiwezi, kijiji kizima kinapanda juu, leo kwako kesho kwangu, na Shirakawa-go, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 1995, baadhi ya mapaa bado wanayaezeka hivyo mpaka leo. Huku kwetu mwenye nyumba angepika pombe ya komoni na kazi ingeisha jioni, sijui wao walikuwa wanapika nini. Nyumba mojawapo wameifanya mgahawa wa tambi za soba, nilikula, mchuzi mzuri, shibe hamna.

Af kuna nyumba ya Iwate, kaskazini kwenye baridi kali, imejengwa kwa kona, upande mmoja watu upande mmoja zizi la farasi, paa moja. Hii nilimwonesha mjomba kwenye simu niliporudi.

"Yani wanalala na farasi?"

"Sasa mjomba, nyie si mmelala na ng'ombe?"

"Ng'ombe sio farasi bwana," akanirudishia simu yangu.

Ila baadaye akakaa akanieleza vizuri, nyumba ndefu ya mianzi, ng'ombe wamepangwa upande wao, mkojo unatoka kwa mfereji, asubuhi panafagiliwa mpaka unaweza kukaa chini na nguo nyeupe. Hiyo nyumba mi sijawahi kuiona. Nimesimuliwa tu, na nimezaliwa Rungwe.

Huku kila mtu ni bati, na mi ni bati, tena la rangi. Mvua ya Tukuyu mnaijua, nani ana muda wa kubadilisha nyasi. Makumbusho ya Boma la Iringa nayapenda, Kijiji cha Makumbusho Dar nimefika, lakini nyumba ya nyasi kwenye mvua ya huku ukiijenga kama sanamu af ukaifunga kwa kufuli, masika mawili imekwisha. Kujenga sio shida, fundi wa mianzi bado wapo Masoko na Kiwira. Bajeti ya kuni na mtu wa kukaa pale kila siku anachochea ndo kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye andiko lolote la mradi wa utalii, na nimeyasoma mengi.

Nikamsimulia mama yote haya. Akaniangalia. "Kwa hiyo wamekulipia ndege ukaangalie moshi?" Nikasema ndio. Akasema angeniambia hapa bure.

Kwa mtakaoenda: nendeni asubuhi, kuna vilima vya kupanda, na ulizeni getini moto umewashwa nyumba zipi maana sio zote kila siku. Soksi ziwe nzima, mtavua viatu mara nyingi kuliko msikitini.