Kupiga picha Mbale: jua, nyota na droni

Mwamba wa Wanale uko mashariki mwa mji wa Mbale, Uganda. Kwa hiyo ukiwa mjini jioni, mpe jua mgongo: mwanga mwekundu unaupiga mwamba wenyewe. Ukitaka jua lenyewe likizama tambarare, panda juu utazame magharibi. Linazama kati ya saa 12:30 (Novemba) na saa 1:00 (Februari). Giza la ikweta halisubiri, fika saa nzima kabla.

Kwa nyota, chagua siku za mwezi mchanga. Kitovu cha Njia ya Maziwa, ule utepe mweupe wa nyota angani, huonekana vizuri jioni za Julai, upande wa kusini, mawingu yakiruhusu. Januari anga huwa safi zaidi, lakini kitovu hicho hakionekani jioni. Anza na lenzi ya milimita 20, tundu la lenzi f/2.8, mwanga uingie sekunde 15, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200. Ukizidisha sekunde, nyota zinakuwa mistari. Rekebisha fokasi kwa mkono kwenye nyota angavu, kisha usiguse tena. Futa umande kwenye kioo kila mara.

Droni ndiyo yenye maudhi. Pata kwanza kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon, zungumza na UWA (Mamlaka ya Wanyamapori Uganda) pia. Kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile droni inachotumia ikirudi yenyewe, hupimwa kutoka uliporushia, si ardhi iliyo chini yake, hivyo ukirushia bondeni, droni ikipoteza mawasiliano inaweza kujibamiza mwambani. Rushia juu. Upepo wa ukingoni hula betri; geuza ikibaki asilimia 40.