Nilivyozifanya potleti za ukurasa mmoja zielewane

Potali (tovuti inayokusanya huduma mbalimbali mahali pamoja) niliyokabidhiwa kuitunza ni ya ushirika wa akiba na mikopo, na ina ukurasa mmoja ambao makarani wanashinda nao kutwa nzima. Ukurasa huo umeundwa kwa potleti, yaani vijisehemu vinavyojitegemea: kushoto ipo potleti ya orodha ya wanachama, kulia ipo ya taarifa ya mkopo. Ukibofya jina kushoto, ya kulia inatakiwa ijue umembofya nani.

Waliotangulia walikuwa wakiipitisha namba ya mwanachama kwenye sesheni (kumbukumbu ambayo seva humtunzia kila mtumiaji), kwa APPLICATION_SCOPE, yaani eneo la sesheni linaloonekana na potleti zote za programu moja. Siwalaumu: kiwango cha kwanza cha potleti za Java, JSR 168 cha mwaka 2003, hakikutoa njia nyingine rasmi ya potleti kupashana habari. Lakini sesheni ni moja kwa vichupo vyote vya kivinjari. Siku moja karani alikuwa na wateja wawili dirishani, akamfungulia kila mmoja kichupo chake. Aliporudi kwenye kichupo cha kwanza na kubofya marejesho ya mwezi uliopita, akaniita: "Kaka, hebu njoo uone. Jina ni la mama huyu, deni ni la yule mzee." Kichupo cha pili kilikuwa kimeifuta namba ya kwanza na kuweka yake. Kwenye fedha za watu jambo hilo halivumiliki hata mara moja.

Nikahamia JSR 286, kiwango cha mwaka 2008, ambacho kina parameta za umma, yaani thamani ndogo ambazo potleti kadhaa zinaweza kuzisoma kwa pamoja. Kwenye portlet.xml, faili la mipangilio ya potleti, unaitangaza parameta juu, ukiipa kitambulisho na QName yake (jina kamili lisilogongana na mengine), kisha kila potleti inayoihitaji unaiandikia supported-public-render-parameter. Vitambulisho vinaweza kutofautiana kati ya programu na programu. Kinachotakiwa kufanana ni QName. Namba sasa inasafiri na anwani ya ukurasa, kwa hiyo kila kichupo kina yake na kitufe cha kurudi nyuma kinafanya kazi inavyotarajiwa. Baadaye tulipoongeza potleti ya wadhamini, iliyo kwenye WAR nyingine (kifurushi kingine cha programu) ambako sesheni ile isingefika, ilisoma parameta hiyohiyo bila mimi kuigusa orodha.

Ninachosisitiza kwa kila ninayefanya naye kazi: pitisha namba tu, usipitishe rekodi nzima. Kila potleti iende yenyewe kwenye hifadhidata, na ikague ruhusa ya aliyeingia kabla ya kuonyesha chochote, maana namba iliyo kwenye anwani mtu anaweza kuibadilisha kwa mkono.

Matukio (taarifa ambazo potleti moja huzitangaza na nyingine kuzisikiliza), njia ya pili ya JSR 286, nimeyaachia rejesho jipya linapopokelewa. Potleti ya malipo inaita setEvent, amri ya kutangaza tukio, ndani ya processAction (sehemu inayoshughulikia kitendo cha mtumiaji), na potali inaziita processEvent (sehemu zinazopokea tukio) za potleti zinazosikiliza kabla ukurasa haujaanza kuchorwa, kwa hiyo salio na muhtasari wa wadaiwa sugu vinabadilika kwa pamoja. Ila kiwango chenyewe hakiahidi kwamba tukio litafika, wala kwamba matukio yatafika kwa mpangilio. Ndiyo maana malipo nayahifadhi kwanza, halafu tukio linabeba namba ya risiti peke yake. Likipotea njiani, fedha imeshaandikwa, na ukurasa ukifunguliwa upya salio linasomwa sahihi.