Namna nilivyowatoa vijana wa Uyole kwenye kubahatisha vitenzi vya Kiingereza

Ukifundisha Kiingereza kidato cha pili, kuna swali halichoki kurudi: mwanafunzi anapewa kivumishi au nomino kwenye mabano, akigeuze kiwe kitenzi na kujaza nafasi. Vijana wangu wa tuisheni hapa Uyole walikuwa wanabahatisha. Wakishaona "short" inazaa "shorten", basi kila neno linabandikwa "-en": "biggen", "slowen", "greenen". Vitabu vinakupa orodha ukariri, na orodha ya kukariri, kwa mtoto aliyetoka kumsaidia mama yake kupakia viazi, haifiki Jumatatu.

Nilianzia kwenye Kiswahili. Safi, safisha. Bora, boresha. Fupi, fupisha. Taifa, taifisha, kama mabenki yalivyotaifishwa mwaka 1967, jambo ambalo tayari wanalo kwenye somo la historia. Kazi yenyewe walikuwa wanaijua siku zote. Walichokosa ni kujua "-en" inakubali wapi na inakataa wapi.

Hapo kwaya ikanisaidia, maana nusu ya darasa wanaimba kanisani. Nikawaambia: chukua kivumishi kifupi, imba sauti yake ya mwisho, uivute kwa noti. "Black" haivutiki, inakatika kwenye k. "Short" inakatika kwenye t, "wide" kwenye d, "deep" kwenye p. "Tough" na "fresh" zinatoa pumzi tupu, noti hakuna. Hizo zote zinapokea "-en": "blacken", "widen", "deepen", "toughen", "freshen". Sasa jaribu "thin", "warm", "cool", "slow", "dry". Zinaimbika mpaka upungukiwe pumzi, na zote zinaikataa "-en".

"Sasa madam, hizo zinazoimbika tunazifanyaje?" akauliza binti mmoja wa dawati la nyuma. Jibu ndilo lililowafurahisha: nyingi huziongezi kitu. "Warm the milk", pasha maziwa. "Dry the beans", anika maharage. "Thin the carrots", punguza miche ya karoti iliyobanana. Kivumishi kimeingia kazini na nguo zake zilezile.

"Long" na "strong" nazo zinaimbika, ndiyo maana Kiingereza kinazikwepa na kwenda kwenye nomino zake, "length" na "strength", zinazoishia na pumzi. Ndiko wanakotoka "lengthen" na "strengthen". Nilipoliandika hili ubaoni, kijana mmoja alisema, "Kumbe siyo uchawi!" Wakaidi wapo, nao tuliwakariri bila kulalamika: "large" na "rich" zinatanguliza "en-" mbele, "enlarge" na "enrich", "hot" inakwenda "heat", "wet" inabaki "wet" japo haiimbiki. "Big" haina kitenzi chake, tumia "enlarge". Na matamshi pia: kwenye "soften" na "moisten" ile t haisikiki, ingawa lazima uiandike.

Nomino zinazogeuka vitenzi bila kubadilika tulizimaliza kwa kuzungumzia jikoni na shambani. "Salt" ni kutia chumvi, "bottle" ni kutia kwenye chupa, lakini "skin" ni kuchuna ngozi, na "milk the cow" ni kukamua. Umbo haliwezi kukuambia kama kitu kinawekwa au kinatolewa. Jiulize kwa kawaida watu hukifanyia nini kitu hicho. Mimi naona hapa watoto wa wakulima wana nafuu kuliko wa mjini. "Seed" iliwachanganya kwa muda: "seed the field" ni kupanda mbegu, "seed the tomatoes" ni kuzitoa. Wakazoea.

Siku hizi nikisahihisha madaftari, "biggen" sijaiona tena. "Colden" bado inapita moja moja, kwa sababu d ya "cold" haiimbiki na kanuni yangu inawaruhusu. Hiyo nimeihamishia kwa wakaidi: kitenzi cha "cold" tunatumia "chill".