Mshauri alidai, muuzaji akatufundisha: jinsi GPS ya RTK ilivyoingia saiti yetu

Kampuni yetu ni ya daraja la chini CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Tunaishi kwa mitaro, makalavati na barabara za changarawe. Kwa makandarasi wa ukubwa huu, teknolojia huletwa na wale tunaofanya nao kazi. Serikali ilipoanza kutumia NeST, mfumo wa zabuni za umma mtandaoni, mwaka 2023, hakuna aliyeulizwa kama anapenda kompyuta. Ukitaka zabuni, unaingia kwenye mfumo.

Saiti, aliyetusukuma ni mhandisi mshauri wa mradi ambao mkandarasi mkuu alitukabidhi kazi ya tuta la barabara. Alitaka vipimo vya ujazo wa udongo viletwe kama faili la pointi, ardhi kabla na baada, ujazo upigwe na programu. Sisi tulikuwa na levo (chombo cha kupimia kimo), stafu (fimbo yake yenye vipimo) na daftari. Tulipima mkato (sura ya ardhi kwa upana wa barabara) kila mita 25, na kilichokuwa katikati ya mikato ndicho tulichobishania na mkaguzi huku cheti cha malipo kikisubiri.

Kununua GPS ya RTK, inayopima pointi papo hapo kwa usahihi wa sentimita, hatukuweza. Nikamfuata muuzaji wa vifaa, nikaomba kukodi kwa sharti moja: fundi wake akae saiti hadi vijana wetu waimudu. Sharti hilo ndilo lililobeba kazi yote. Rova (kipokezi cha GPS kinachobebwa) ilipowekwa juu ya benchmaki, alama ya saiti yenye kimo kinachojulikana, kimo chake kilipishana na kile cha levo kwa mita kadhaa, na fomeni akataka chombo kirudishwe. Fundi yule hakubishana naye. Alimweleza kuwa setilaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, wakati benchmaki zetu zimetoka usawa wa bahari. Akapita na rova benchmaki zote za mradi, akaingiza vimo vyake, kisha akamkabidhi fomeni apime mwenyewe. Tofauti ikashuka hadi sentimita chache.

Kwa tuta, hiyo inatosha. Tabaka la mwisho tuliendelea kulipima kwa levo, na bado nashikilia hivyo, kwa sababu pale milimita zina maana.

Mkaguzi alirudia pointi alizochagua mwenyewe, zikakubaliana na faili, na cheti kikasainiwa bila mvutano.

Siku hizi nikikodi kifaa, kabla ya bei nauliza nani atakuja saiti, atakaa hadi lini, na kama mshauri wa mradi atapokea faili zinazotoka humo.